Hatua Arobaini na Moja

Walinituma na kopo la rangi nyeupe,
brashi tatu, na barua yenye mhuri:
nikahuishe maandishi ya ukutani kule Kadutu,
kwenye nyumba alimozaliwa Mkuu wa zamani.
Malipo nusu sasa, nusu siku wageni watakapofika.

Nilipanda mlima kwa miguu, mvua imekatika punde,
udongo mwekundu ukinishika viatu kama mdai.
Nyuma yangu ziwa limelala, halina habari.
Nyumba ni ndogo. Nilidhani nimekosea paseli:
vyumba viwili, bati jipya juu ya matofali ya kale,
ua wa senyenge, na kibao: USIKETI KITANDANI.

Mtunza funguo anaitwa Nankafu.
Alinikatia tiketi hata mimi niliyekuja kazini.
"Franka elfu mbili. Hesabu ni hesabu."
Akanionyesha beseni, taa ya chemli,
kitanda cha mbao chenye shuka iliyopigwa pasi.
"Hiki tulikinunua Nyawera,
mwaka ule mvua ilipobomoa ukuta wa nyuma.
Wageni wanakishika, wanalia. Nawaachia.
Machozi hayakosei anwani."

Nikaanza kazi. HAPA.
Neno hilo ndilo lililochakaa zaidi,
watoto wa shule hulipitishia vidole wakijifunza kusoma;
A ya mwisho imebaki kama ngazi isiyo na pa kupandia.
Nankafu akaleta kiti, akaketi akichambua sombe,
na bila kuulizwa akaniambia mgongoni:

"Bibi yangu ndiye aliyempokea,
na bibi hakuwahi kusema ni hapa.
Mama yule alikuwa akiteremshwa zahanati usiku,
mvua kama ya leo, wanaume wanne na machela.
Mmoja akateleza. Wote chini.
Mtoto hakungoja wainuke.
Ni pale penye mfereji, hatua arobaini na moja;
bibi alizihesabu akipanda naye, kamfunga kitenge,
maana nyumba hii ndiyo iliyokuwa na moto.
Hapa alikaushwa tu.
Hapa alipiga chafya."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Walikuja mabwana wawili na futi ya chuma,
wakapima mfereji, wakatazamana.
Bendera utaisimika wapi mferejini?
Mabalozi watasimama wapi na viatu vyao?"
Akaokota kikonyo, akakitupa.
"Nyumba inafungwa ufunguo. Njia haifungwi."

Brashi ilikuwa imesimama kwenye P.
Niliwaza kuandika KARIBU NA HAPA.
Niliwaza nusu ya malipo,
na ada ya Cirhuza, mihula miwili sasa.
Nikamaliza P. Nikamaliza A.
Mkono wangu haujawahi kuandika herufi nzuri kama zile,
nene, nyoofu, za kusomeka kutoka barabarani.

"Na jina la bibi?" nikauliza, nikiosha brashi.
"La nini?"
"Rangi imebaki."
Alicheka mpaka majani yakamtoka mapajani.
"Bibi alizalisha mtaa mzima, baba.
Ukianza kumwandika, utapaka kila mlango."

Jioni niliteremka nikihesabu.
Thelathini na nane, kibanda cha kuchaji simu.
Arobaini, ndala moja iliyokatika kamba.
Arobaini na moja.
Nikasimama. Sikujua mtu husimamaje mahali kama pale,
avue kofia ama avuke.
Mfereji ulikuwa ukinung'unika kwenda ziwani.
Muuza makala akanigusa kwa kiwiko:
"Baba, songa kidogo. Unaziba njia."

Nikasonga.